Sekunde Sita Hadi Mabira

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Waya ukikatika naukaripia, betri ikifa nailaani, na kuna siku nilitukana mgomba mbele ya mwenye kibanja chake. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisimulia habari za mtambo ule hunipamba mno. Wanasema fundi alituliza akili, akawaza, akabuni. Sikutuliza kitu. Niliujenga nikiwa nimekunja uso tangu bomba la kwanza hadi msumari wa mwisho, na kosa lake kubwa lilitokana na haraka hiyo hiyo.

Chanzo kilikuwa mguu wa mwalimu wa fizikia. Shule zetu ziko chini ya kanisa moja, zimetawanyika Karagwe na Kyerwa, na mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja tu, mama wa makamo anayekaribia kustaafu. Siku tatu za wiki alifundisha kwetu Nyaishozi, siku mbili alipanda bodaboda kwenda Mabira. Masika moja njia ikawa utelezi mtupu, pikipiki ikalala, na mguu wake ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Daktari akamwambia bodaboda basi. Afundishe kwa mkongojo akitaka, lakini ile njia aisahau.

Huko Mabira palikuwa na wanafunzi kumi na tisa wa kidato cha tatu waliochagua fizikia. Mkuu wa shule yao ni mtu wa haki, ila hakuwa na la kufanya. Alisema kama hadi likizo fupi ya katikati ya muhula hawajapata mwalimu, darasa la fizikia litafungwa na watoto watahamishiwa masomo mengine. Na mlango ule ukifungwa kidato cha tatu, haufunguki tena. Mtoto aliyetaka uhandisi au udaktari atabaki kuusikia redioni.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa shule hizo. Maana yake natengeneza printa, nafukuza panya kwenye chumba cha mashine, na Jumamosi naonyesha mpira kwa projekta kwenye ukuta wa bwalo. Mwalimu alinijia na mkongojo wake, nikamwamkia, akaitikia, kisha akakaa juu ya boksi la karatasi bila kukaribishwa.

"Fundi," akasema, "wewe si unaweza kuwaleta wachezaji wa Ulaya hapa ukutani? Basi nipeleke na mimi ukutani Mabira."

Nilicheka. Nikamwambia mpira unakuja kwa dishi na mabilioni ya pesa za watu wengine. Kule Mabira mtandao wa simu hushika ukipanda juu ya dawati, na hata ukishika, hauwezi kubeba video ya kipindi kizima. Akanisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayekosea, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo unaanza lini?"

Nikaanza Jumatatu.

Vyote nilivyotumia vilikuwa vimeshatupwa na watu wengine. Simu yenye kioo kilichopasuka lakini kamera nzima, hiyo ikawa jicho letu. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni. Sahani nne za kurushia mawimbi, nilizozikuta stoo kwa jamaa aliyefunga kafe yake ya intaneti Kayanga. Alikuwa anaanikia kahawa kwenye mojawapo. Mabomba ya maji ya kusimamishia sahani. Betri ya gari na paneli ya sola. Programu zenyewe ni za bure, zimetengenezwa na watu nisiowajua, na nikizifikiria hadi leo napata aibu kwamba sijawahi kuwaambia asante.

Tatizo ni kwamba mawimbi yale huenda kama jicho. Pasipoonekana, hayafiki. Kutoka Nyaishozi huioni Mabira, kuna kilima. Lakini ukisimama kwenye ule mgongo wa kilima upande wa Igurwa unaona kote kuwili, na penye mwinuko kabisa ndipo palipo kibanja cha bibi mmoja, migomba na kahawa, na ng'ombe watatu wa pembe ndefu. Nilikwenda kumwomba nafasi ya kusimika bomba moja. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikaona haitoshi, nikarudia kwa Kinyambo changu kibovu. Picha ya mwalimu itatoka Nyaishozi, itapita hapa, itakwenda Mabira.

Bibi akaangalia juu ya migomba yake.

"Waitu jamani, huyo mwalimu atakuwa anapita kwangu kila wiki," akasema, "na hatanisalimu?"

"Ni picha, bibi."

"Hata kama ni picha. Ameshindwa nini?"

Nikacheka tena. Siku hizo nilikuwa nacheka sana mambo ambayo sikuyaelewa. Bibi akanipa nafasi, akanipa na ndizi za kuchoma, akasema nisikanyage maharage.

Siku ya kuelekeza sahani ndiyo nitakayokwenda nayo kaburini. Sahani ikikosea kidogo tu hapa, kule mbele imekosea kijiji kizima, na mimi kwa macho yangu Mabira nilikuwa naiona kama ukungu wa kijani, kilima juu ya kilima, bila kujua shule iko wapi. Nikampigia mkuu wa Mabira nikamwomba atafute kioo, asimame uwanjani, anirushie jua. Akasema sawa. Nikangoja. Nikamtukana kimoyomoyo. Nikatukana mgomba uliokuwa unanizuia, na bibi akanisikia. Halafu kule mbali sana, mahali ambapo nisingepadhania kamwe, pakawaka nukta moja nyeupe.

Ikazimika, ikawaka. Baadaye niliambiwa waling'oa mlango wa kabati la mkuu wenye kioo, wakaubeba watoto sita. Lakini pale juu sikujua habari za kabati. Niliona tu kwamba katika kijani chote kile kuna watu wanaonitafuta. Ninajua mwanga ni nini, nimeusoma. Sikujua kwamba unaweza kukuita. Nikaelekeza sahani penye ile nukta, nikafunga nati, na taa ndogo ya mtambo ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Bibi akapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini kwenye maharage.

Tulipata matatizo mengine, nisiyahesabu. Moja tu nitalitaja kwa sababu lilinitoa jasho wiki nzima. Kila siku mchana picha ya majaribio ilikuwa inakatika. Nikabadili nyaya, nikabadili betri, nikalala na vitabu. Kumbe ng'ombe mmoja wa bibi alikuwa amelipenda bomba langu. Akirudi kunywa maji anajikunia, na sahani inaelekea mbinguni. Bibi akazungushia miiba, mambo yakaisha.

Sasa nije kwenye kosa. Mtambo niliujenga wa kwenda tu. Kompyuta ya Mabira ilijua kupokea, haikujua kutuma. Mwalimu aliniuliza mapema, "Na mimi nitawasikiaje?" Nikamjibu kwamba hilo ni la baadaye, kwamba sauti ya kurudi itabana picha, kwamba wao ndio wenye shida ya kumwona yeye, si yeye wao. Akaniuliza mara ya pili. Nikamjibu kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe, maana ni sawa na mama yangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jambo jingine: picha ilikuwa inachelewa. Mtambo hukusanya picha kidogo kabla ya kuionyesha, ili mawimbi yakiyumba darasa lisione mkatiko. Mwalimu akiinua chaki Nyaishozi, ile chaki inainuka Mabira baada ya sekunde sita. Nilijivunia hizo sekunde sita. Wengine wanachelewa zaidi kwa vyombo vya maana.

Kipindi cha kwanza kilipita bila doa. Kilikuwa cha kuunganisha viwili, dakika themanini, na picha haikutetereka. Mkuu wa Mabira, aliyeshuhudia mwanzo kabla ya kuitwa ofisini, alinipigia kusema mwalimu anaonekana hadi vumbi la chaki kwenye kidole. Nikatembea shuleni kama bwana harusi. Kipindi cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne, vilevile. Kila mara kiranja wa darasa kule Mabira aliwasha projekta, na kila mara mimi huku niliangalia mashine zangu, taa zote kijani.

Wiki ya tatu mwalimu akaja tena, akakaa juu ya boksi lile lile.

"Fundi, Alhamisi ndiyo mwisho. Siendelei."

Nikauliza mguu unauma? Akasema mguu hauna neno.

"Nafundisha ukuta," akasema. "Nikiingia mle chumbani nasimama nasubiri. Najua mtambo wako hauna masikio, ila nasubiri tu, mwili umeshazoea. Tangu nimeanza kazi hii sijaanza kipindi kabla watoto hawajaniamkia. Na siwezi kuwaamkia mimi, wao ndio wadogo. Kwa hiyo naanza hivyo hivyo, kimyakimya, kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu. Sijui kama wapo. Sijui kama wamelala. Bora watoto wale waende kwenye masomo yenye mwalimu."

 Siku hiyo hiyo jioni mkuu wa Mabira akanipigia.

"Fundi, mwambie mwalimu awasamehe hawa watoto."

"Awasamehe nini, mkuu?"

"Sijui walichomkosea. Lakini kuwasimamisha dakika themanini kila kipindi, jamani, na wengine wanatembea kutoka mbali. Walimu wenzangu walidhani ni adhabu ya siku moja. Leo nimewakuta wamesimama, nikawaambia wakae. Wakakaa. Mwalimu alipogeuka kutoka ubaoni kuwatazama, wakasimama tena wote. Kama mwalimu hawataki, aseme, nilifunge darasa sasa hivi, tusingoje likizo."

Sikulala vizuri. Kipindi kilichofuata nilimwachia mwenzangu mashine, nikapanda bodaboda hadi Mabira, nikaingia darasani kwa mlango wa nyuma wakati kipindi kimeshaanza.

Ukutani alikuwepo mwalimu, mkubwa kuliko alivyo, ameegemea mkongojo, anaeleza kani ya msuguano. Picha safi kweli. Na mbele yake kumi na tisa wamesimama. Wa mbele wameweka daftari juu ya mkono wanaandika. Wa nyuma wanaandikia mgongoni mwa wenzao, na aliyeandikiwa anainama kidogo ili mstari usipinde. Mmoja alikuwa anapumzisha miguu kwa zamu, wa kushoto, wa kulia. Hakuna aliyenong'ona. Madawati yalikuwa wazi nyuma yao, na hakuna aliyeyaegemea. Nilibaki nimeshika mlango. Nimeona mitambo mingi inayofanya kazi, lakini kitu kama kile sijaona, wala sikujua watoto wanaweza kukifanya.

Kipindi kilipokwisha nikamwita kiranja, binti mrefu mwenye sauti ya chini. Nikamuuliza kwa nini hawakai.

"Mwalimu hajaitikia," akasema.

"Hajaitikia nini?"

"Shikamoo. Siku ya kwanza tulisimama tukamwamkia, hakuitikia. Tukamwamkia tena. Akaendelea na somo. Sasa shikamoo isipoitikiwa, mtu unakaaje?"

Nikamweleza kwamba mwalimu hasikii, kwamba mtambo hauna sauti ya kurudi. Akanitazama kwa heshima, lakini niliona haamini. Mtu anayekutazama usoni, anayesema "angalieni hapa" na wewe ukaangalia, utaambiwaje kwamba hakuoni?

Mwingine, mvulana mdogo wa mwili, akaongeza taratibu kwamba wao walidhani amewakasirikia. Aliumia akija kwao. Angekuwa hafundishi Mabira, mguu ungekuwa mzima.

"Na mbona hamkumwambia mkuu?"

 Kiranja ndiye aliyejibu.

"Tumshtaki mwalimu?"

Nikarudi Nyaishozi nikiwa na hasira. Nilijua hasira ni nini, nimeishi nayo, lakini ile ya siku hiyo haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimerusha picha ya mwalimu kupita juu ya kilima, nikasahau kwamba mwalimu si picha. Mwalimu ni mtu anayeamkiwa, akaitikia. Hilo hata bibi wa Igurwa asiyejua kusoma alilijua, na aliniambia bure.

Nikavunja nilichojenga. Kompyuta ya Mabira niliifundisha kutuma. Kwaya ya kanisa ilitupa maikrofoni ya zamani iliyokuwa inakoroma, nikaisafisha, nikaining'iniza darini katikati ya darasa kwa kamba ya katani. Kama nilivyotabiri, sauti ilibana picha. Ikabidi niipunguze picha, niipunguze tena, hadi vumbi la chaki halionekani na uso wa mwalimu umekuwa na miraba miraba. Iliniuma, sitaficha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na sekunde zilibaki zile zile, sita za kwenda, nikaongeza mbili za kurudi.

Mwalimu sikumweleza yote. Nilimwambia tu ajaribu kipindi kimoja kingine, safari hii atawasikia, na akiona bado ni ukuta aache, nami nitampigia mkuu mwenyewe kumwambia afunge darasa. Akasema kipindi kimoja.

Siku hiyo niliweka spika juu ya meza, karibu naye. Mle chumbani tulikuwa wawili, yeye na mimi, na simu yenye kioo kilichopasuka juu ya stendi ya mbao. Aliingia na mkongojo, akasimama mbele ya ubao, akashika chaki. Akasubiri. Nikahesabu kimoyomoyo. Spika ikakoroma kidogo, tukasikia mtu anakohoa Mabira, halafu vumbi zima la sauti likainuka kwa pamoja, kwa ile namna ya watoto wa shule ya kuvuta neno:

"Shikamoo, mwalimuuu."

Chaki haikudondoka, mwalimu hakulia. Alifumba macho tu, akayafumbua, na akawa kama amesahau neno linalofuata, neno ambalo amelisema maisha yake yote. Nikamnong'oneza, "Itikia, mama. Wanasubiri."

"Marahaba," akasema. "Marahaba, wanangu. Na zile za wiki tatu zote, marahaba."

Kimya cha sekunde zile. Nikasikia kitu kama pumzi kubwa inashuka kule, watu wengi kwa mara moja.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu."

"Kaeni."

Tukasubiri sauti ya madawati. Sekunde nane zikapita, na zaidi. Hakuna lililolia. Mwalimu akanigeukia, nami nikaangalia mashine. Taa zote zilikuwa kijani, kila kitu kilikuwa kinafika. Akarudia, sasa kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa, "Kaeni, wanangu. Mbona hamkai?"

Sauti ya kiranja ikaja polepole, ya chini vilevile, na nyuma yake nilisikia wenzake wanamsukuma aseme.

"Samahani, mwalimu. Tunakuona umesimamia mguu mbovu. Tunaomba ukae wewe kwanza."

Mwalimu hafundishi amekaa. Hayo aliwahi kuniambia mimi mwenyewe nilipomletea kiti wiki ya kwanza, na kiti kile kilikuwa bado kiko ukutani, kina vumbi. Alikitazama. Sikuthubutu kumsaidia. Akakivuta kwa ncha ya mkongojo, taratibu, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akageuka, akajishusha, akaulaza mkongojo mapajani. Akainua uso kwenye kamera.

"Haya," akasema. "Nimekaa."

Kisha tukangoja, yeye na mimi, hizo sekunde zisafiri, zipite juu ya migomba ya Igurwa, zifike. Na kutoka Mabira yakaja madawati yote kwa pamoja, yanakokotwa, yanagongana, mbao na miguu na mifuko ya daftari, kelele ambayo siku nyingine ningeikaripia. Mwalimu aliisikiliza hadi likatulia la mwisho. Halafu akafungua kitabu.